Ukuta wa Jumamosi na wa Jumapili

Mwiko uliingia ukutani mpaka kwenye mpini, na Okemwa hakuwa ameusukuma. Alikuwa ameugusisha tu kwenye ufa, kama fundi anavyofanya kabla ya kuziba, apate kujua plasta itashika wapi. Ukazama. Aliuchomoa polepole, akapiga goti nyuma ya dawati la mwisho la darasa la nane, akaweka jicho pale mwiko ulipotoka. Aliona nyasi za nje. Aliona na miguu ya mbuzi aliyekuwa akila nyasi hizo.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na sita, katika shule ya msingi ya kilimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Uriri. Mwalimu Zadock, hedmasta, ndiye aliyemwita aje azibe ufa, kwa sababu wakubwa wa elimu walitarajiwa Jumatano kukagua kituo cha mtihani. Alimwambia alete mchanga wake mwenyewe, kwani yeye naye ni mzazi. Saruji alipewa nusu ndoo, tena iliyokwisha kuanza kuganda.

Okemwa aliutazama ufa kutoka chini hadi juu. Ufa wa kawaida hupindapinda, hutafuta tofali dhaifu, huenda huku ukarudi kule. Huu ulikuwa umenyooka kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, katikati kabisa ya ukuta wa nyuma, kama vile mtu aliupiga kwa timazi. Huo haukuwa ufa hata kidogo. Palikuwa ni mahali ambapo kuta mbili zilikutana bila kushikana, na mmojawapo aliujenga yeye.

Ilikuwa hivi. Miaka mitano nyuma, kabla wilaya haijagawanywa, kilima kilipokuwa bado chini ya Homa Bay, wazazi waliambiwa wajenge madarasa kwa harambee, na serikali itawaletea walimu. Serikali iliupenda sana mpango huo: wewe jenga, mimi nitakuja kukata utepe. Wakachoma matofali. Kilimani kulikuwa na makanisa mawili, la Wasabato na la Wakatoliki, na hakukuwa na ugomvi wowote kati yao. Shida ilikuwa siku. Siku za kazi kila mtu yuko shambani au sokoni. Wakatoliki walikuwa na nafasi Jumamosi. Wasabato, na Okemwa akiwa mmoja wao, Jumamosi hawagusi hata jembe. Nafasi yao ni Jumapili, na Jumapili Wakatoliki wako misani. Basi wakagawana ukuta. Wakatoliki wakaanzia pembe ya magharibi, kila Jumamosi, na fundi wao Onyango. Wasabato wakaanzia pembe ya mashariki, kila Jumapili, na Okemwa. Wakakubaliana wakutane katikati.

Kila kundi likija lilihesabu wenzao wamepandisha mistari mingapi, na likaapa kuwapita. Wanawake walibeba matofali vichwani wakiimba. Mashindano yalinoga kweli. Kwa majuma saba ukuta ulikuwa umefika juu, na katika majuma hayo saba Okemwa na Onyango hawakusimama pamoja kwenye jukwaa hata siku moja.

Sasa, ukuta hushikana kwa kuachia matofali ya upande huu yaingie kati ya matofali ya upande ule, mstari kwa mstari, kama vidole vya mikono miwili. Hilo hata mchanganya udongo analijua. Lakini Onyango aliumaliza upande wake kwa ncha iliyonyooka, akidhani Okemwa atajua la kufanya. Okemwa alipofika Jumapili akakuta ncha imenyooka, tayari imepita kimo cha mtu, akadhani Onyango ana mpango wake. Alisita. Wanawake walikuwa wamekwisha kuinua makarai. Akajaza udongo kwenye pengo, akaendelea. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna namna nyingine ya kulisema. Alijipa moyo kwamba mkaguzi wa majengo akija kutoka Homa Bay ataliona kosa na ataamuru ukuta ubomolewe, kwa maana ndiyo kazi anayolipwa kuifanya. Plasta ikapakwa, chokaa ikapakwa. Onyango akafa kwa malaria mwaka wa tisini na nne. Mkaguzi hakuja.

Jioni ile Okemwa alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Zadock na kumweleza yote, bila kuficha upande wake. Zadock alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo, asiyependa mambo ya ghafla. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani. Kisha akamweleza naye, kama anayemfundisha mtoto. Darasa likifungwa, shule inapoteza kituo cha mtihani. Kituo kikienda, watoto hamsini na wanane watapelekwa kufanyia mtihani ng'ambo ya mto, na mwezi wa Novemba mto huo haupitiki kila siku.

"Unataka watoto hamsini na wanane wakose mtihani kwa sababu ya ufa?"

"Nataka waufikie huo mtihani, mwalimu."

"Ziba," Zadock alisema. "Mengine tutaongea Januari."

Okemwa aliziba, shingo upande. Alichukia jinsi mikono yake ilivyokuwa ikifanya kazi vizuri. Jumatano wakubwa wa elimu walikuja, wakasimama mlangoni, wakahesabu madawati, wakanywa soda, wakaandika kwamba chumba kinafaa. Ijumaa Damaris, binti yake, alirudi kutoka shuleni na kumwambia kwamba plasta imepasuka tena pale pale.

Damaris alikuwa na miaka kumi na minne na urefu wa baba yake. Katika darasa la nane warefu hukaa nyuma, wasiwazibe wenzao ubao, kwa hiyo mgongo wake uliegemea ukuta ule kutoka asubuhi hadi jioni. Alisema kwamba lori la miwa likipita barabarani kule chini, vumbi humwingia shingoni. Alilisema hilo akicheka, kwa sababu wasichana wa dawati la nyuma walikuwa wamelifanya mchezo: anayeingiwa na vumbi zaidi ndiye atakayeolewa mbali. Okemwa hakucheka.

Usiku huo mkewe, Nyasuguta, hakupoteza maneno. Alimwambia amtoe mtoto.

"Na wale hamsini na saba?" Okemwa aliuliza.

"Wale wana mama zao."

Lakini Damaris mwenyewe aliyasikia kutoka upande wa pili wa pazia, akasema wazi kwamba hatatoka. Alikuwa wa tatu darasani. Asiyehudhuria hufutwa kwenye orodha ya mtihani, na yeye hangefutwa kwa ajili ya vumbi. Nyasuguta alimtazama mumewe kwa macho makali, kwa maana mtoto huyo ukaidi wake haukutoka kwa majirani.

Jumatatu Okemwa alivaa koti lake la kanisani akaenda Migori, kwenye ofisi ya majengo ya wilaya. Karani aliyemkuta, kijana Mkuria aliyeitwa Matiko, hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kabatini, akatafuta juu ya kabati, kisha akaeleza kwamba wilaya ilipogawanywa faili za majengo ya zamani hazikuhamishwa. Faili ya shule ile iko Homa Bay. Bila faili, mkaguzi wa Migori hana jengo la kukagua. Okemwa alisema kwamba jengo lipo, amelipita asubuhi hiyo hiyo. Matiko alikubali kwamba huenda lipo, lakini pale ofisini halipo.

Jumatano akaenda Homa Bay. Alipanga foleni mbele ya dirisha dogo mpaka saa sita, na mwanamke aliyeitwa Pauline akamwambia kwamba shule za Uriri siku hizi ni za Migori. Okemwa akasema Migori wamemtuma huku. Pauline akasema Migori wanajua vizuri kwamba Homa Bay hairuhusiwi kukagua nje ya mpaka wake. Alifunga dirisha aende chakula. Okemwa alirudi Migori Alhamisi, Matiko akamrudisha Homa Bay Jumatatu. Wakampiga danadana majuma mawili, huku vuli ikikaribia, na kila jioni aliporudi alimtazama Damaris kichwani kwanza, kuona kama nywele zina vumbi. Zilikuwa nalo.

Safari ya tatu Pauline alimwonea huruma. Au alimchoka tu. Alimwingiza ndani kwa Bwana Mochama, afisa wa majengo.

Mochama alikuwa Mkisii kama Okemwa, na aliposikia jina akabadilisha lugha mara moja. Aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza ni wa ukoo gani na kama baba yake yungali hai. Aliagiza chai. Okemwa alikaribia kulia. Majuma mawili watu walikuwa wakimsemesha kama mwombaji, na sasa mtu wa kwao, tena mkubwa, anamsukumia kikombe na kumwita ndugu. Alimweleza yote: Jumamosi, Jumapili, ncha iliyonyooka, mwiko uliozama. Mochama alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaagiza faili iletwe.

Faili ilikuja. Ilikuwa na karatasi moja, cheti kwamba mkaguzi amefika kilimani, amepima misingi, kuta na paa, na ameridhika. Sahihi ilikuwa ya Mochama. Okemwa alisoma tarehe, akairudia.

"Hapa pameandikwa Machi, tisini na moja," alisema. "Mwezi wa Machi matofali yalikuwa bado ni udongo mtoni. Ukuta tuliuanza mwezi wa sita."

Mochama alikiweka kikombe chake chini. Akafunga faili. Alipofungua mdomo tena, Kikisii kilikuwa kimekwisha na Kiswahili cha ofisini kimerudi.

"Wewe ndiye ulijenga?"

"Upande mmoja, bwana."

"Una cheti cha ufundi?"

"Nilifundishwa na baba yangu."

"Kwa hivyo mtu ambaye hana cheti amekuja kuniambia cheti changu ni cha uongo." Mochama hakupandisha sauti. "Sikiliza, mzee. Kwa serikali, hilo jengo ni zima. Liko hapa, limepigwa muhuri. Kama kesho litaanguka, serikali itauliza ni nani alijenga. Haitauliza ni nani aliandika. Umenielewa?"

Okemwa alisema ameelewa. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtu yeyote, hata karani, aje autazame ukuta kwa macho yake. Mochama alikuwa amekwisha kuvuta karatasi nyingine. Chai ya Okemwa haikuwa imenywewa, na Pauline akaja akaiondoa.

Habari zilimtangulia nyumbani. Nani aliyezipeleka, chifu au simu ya posta, hakujua, lakini Ijumaa Mwalimu Zadock aliwaita wazazi na kuwaeleza, kwa sauti yake ndogo, kwamba kuna mtu miongoni mwao anayezunguka maofisini akitaka shule ifungwe. Hakumtaja. Hakuhitaji. Watu waligeuza shingo wakamtazama Okemwa, na mmoja akasema kwa Kijaluo, bila kujali kwamba anasikia, kwamba Mkisii akikosa kazi kilimani huanza kubomoa kazi za watu. Okemwa alisimama. Akawaambia kosa ni lake. Aliwaeleza pengo, boriti na ncha, akawaomba hata darasa la nane lisome kanisani majuma haya machache. Mama mmoja aliyekuwa amebeba matofali siku zile alimuuliza kwa nini alinyamaza miaka mitano. Hilo lilimchoma kuliko tusi, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliketi, na kikao kikaendelea na mambo ya sare.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Jumanne. Alhamisi Okemwa alipita nyuma ya darasa wakati wa masomo na kuona boriti imetoka mahali pake upana wa kidole. Aliweka kiganja ukutani. Ndani watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha, na ukuta ukitetemeka nao. Akajua kwamba hakuna mtu aliyebaki wa kumwendea.

Siku ambayo shule huwa tupu kabisa ni moja. Jumapili, tangu mtihani ukaribie, darasa la nane lina masomo ya ziada. Jumamosi hedmasta Msabato hafungui hata lango. Basi ikabidi iwe Jumamosi, siku ambayo Okemwa, kwa miaka arobaini na sita aliyoishi, hakuwahi kushika chombo cha kazi. Hakumwambia Nyasuguta. Alfajiri alikata mikaratusi minane nyuma ya nyumba, akaipeleka kilimani kwa mkokoteni, na watu walipokuwa wakienda kanisani wakiwa wamevaa nguo nyeupe walimwona akipanda na nyundo.

Kazi aliifanya kwa mpango. Kwanza aliitegemeza boriti kwa mbao alizokuja nazo. Kisha akaanza juu, upande wa mashariki, tofali moja moja. Mengine yalitoka kwa mkono mtupu, udongo ukimwagika kama unga. Kufikia saa saba upande wake wote ulikuwa chini, umepangwa kwenye marundo, na darasa limebaki wazi kwa upana wa nusu ukuta. Mwili ulimuuma na roho ilikuwa nyepesi.

Upande wa Onyango ulibaki umesimama.

Angeweza kuushusha. Alikuwa peke yake, nyundo anayo, na ukuta wenyewe ulikuwa unangoja kusukumwa. Lakini haukuwa wake. Matofali yale yalibebwa na Wakatoliki vichwani, Jumamosi saba, na mtu habomoi jasho la watu wasipojua. Alishuka kwa katekista wao, akamwomba ruhusa. Katekista alipanda naye akatazama. Akasema ni kweli, ukuta umekufa, ila yeye peke yake hawezi kuwaamulia watu. Atawauliza kesho baada ya misa, na wakikubali watakuja wenyewe na majembe. Okemwa akaona hiyo ni haki. Akachukua nguzo zote nane, akazisimika, nne ndani na nne nje, akakaza kila moja kwa kabari, zikaukumbatia ukuta wa Onyango mpaka hiyo kesho.

Jumapili Wakatoliki walikubali. Walikuwa njiani kupanda, wanaume kumi na zaidi na majembe begani, Landrova ilipowapita. Ndani yake alikuwamo chifu, askari wawili, koplo wao, na kijana wa ofisi ya majengo kutoka Migori, mwenye kamera na mkanda wa kupimia. Mkanda huo ulikunjuliwa katika shule ile kwa mara ya kwanza tangu shule izaliwe. Kijana alipima kila kitu. Alipima pengo, akapima marundo ya matofali, akapima unene wa ukuta uliobaki, akaandika yote kwa mwandiko mzuri. Faili ambayo kwa majuma mawili haikuweza kutoka Homa Bay ilikuwa kwapani mwa koplo.

Okemwa alitiwa pingu mbele ya wazazi. Mwalimu Zadock alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, na macho yao yalipokutana akayashusha. Koplo akatangaza kwamba mali ya umma imeharibiwa makusudi, kwamba hapo sasa ni mahali pa uhalifu, na kwamba sehemu iliyobaki ya ukuta ni kielelezo: mtu asiiguse, asiipake, asiibomoe, mpaka kesi iishe. Katekista alijaribu kueleza. Chifu akamwambia aende akaongoze sala.

Halafu askari wakaanza kuzing'oa nguzo.

"Afande, hizo msiguse," Okemwa alisema. "Hizo ndizo zinashikilia."

"Ni zako?"

"Ni zangu."

"Ulizitumia jana kwa hii kazi?"

"Nilizitumia kuzuia, afande. Ukizitoa, upande huo hauna kitu."

"Basi ni vyombo vya uhalifu," koplo alisema, na akawaambia wazihesabu.

Zilikuwa nane. Kila kabari ilipogongwa na kuchomoka, Okemwa alifumba macho. Laiti ukuta ungeanguka pale pale, mbele ya kamera na mkanda na cheti, mambo yangeisha. Haukuanguka. Ulibaki umesimama peke yake, umeinama ndani kidogo, na kijana wa ofisi ya majengo akaupiga picha.

Alikaa rumande siku tisa. Nyasuguta alimletea ugali mara mbili, na mara ya pili askari wa zamu akamruhusu kuongea kupitia dirishani. Okemwa aliuliza swali moja tu. Mkewe akamjibu bila kumtazama. Darasa la nane limerudi chumbani mle, kwa sababu kituo cha mtihani hakibadilishwi na barua ilishatoka. Pengo wameliziba kwa gunia na mabati. Upande ule mwingine hauguswi, polisi wamekataza. Mwalimu Zadock amechora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka ukutani, na amewaambia watoto wasiuvuke. Lakini chumba ni kile kile na madawati ni yale yale.

"Na Damaris?"

"Nilimfungia nyumbani. Akapitia dirishani." Nyasuguta alijifuta uso kwa kanga. "Anasema jina lake liko kwenye orodha. Anasema wewe ulifungwa ili wao wasome."

Okemwa alitaka kusema kwamba sivyo, kwamba mtoto ameelewa vibaya kabisa, lakini askari akasema muda umekwisha.

Mahakamani kesi yake ilikuwa ya kumi na moja. Mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi, na mabati ya paa yalipiga kelele hivi kwamba mwendesha mashtaka alilazimika kupaza sauti. Alisoma kwamba mshtakiwa alibomoa ukuta wa darasa uliokuwa mzima, na kama uthibitisho wa uzima wake akatoa cheti kutoka Homa Bay. Hakimu alikisoma pande zote mbili. Halafu vielelezo vikaingizwa: nyundo moja, mwiko mmoja, nguzo nane za mkaratusi, kila moja na kikaratasi cha nambari kilichofungwa kwa uzi. Askari waliziingiza mbili mbili na kuzilaza kati ya meza na kizimba, wakikwaruza sakafu. Zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwapo.

Hakimu alimuuliza Okemwa kama anakubali shtaka au anakataa.

"Mheshimiwa, mimi nifungwe tu," Okemwa alisema. "Lakini naomba hizo nguzo zirudishwe leo. Watoto wako ndani sasa hivi, na mvua ndiyo hii."

"Umeulizwa kama unakubali au unakataa."

"Naomba zirudishwe, mheshimiwa. Hata bila mimi. Katekista anajua pa kuzisimika."

Watu wachache kwenye mabenchi walicheka. Hakimu hakucheka. Alikuwa na kesi nyingine ishirini na tatu siku hiyo. Aliandika kwamba mshtakiwa amekataa shtaka, akageuza kurasa za daftari lake akitafuta nafasi, na nafasi ya kwanza aliyoipata ilikuwa tarehe kumi na nne Januari. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu. Hadi siku hiyo ya Januari, akasema, mshtakiwa atabaki rumande, ukuta utabaki ulivyo, na vielelezo vitakuwa chini ya ulinzi wa mahakama.

Okemwa alishushwa kizimbani. Karani aliita kesi ya kumi na mbili, ya wizi wa baiskeli, na mshtakiwa wake akakwama kwa sababu nguzo zilikuwa zimeziba njia. Hakimu akaagiza ziondolewe hapo. Askari wawili waliziinua moja moja na kuziegemeza kwenye ukuta wa chumba cha mahakama, ukuta wa mawe ya kuchonga, mnene, uliojengwa na serikali yenyewe. Walizipanga safu moja, zote nane, miguu mbali na ukuta ili zisiteleze. Mmoja wao akarudi nyuma, akazitazama, akaitikisa ya mwisho kwa mkono aone kama imekaa vizuri. Ilikuwa imekaa vizuri.